Panya Buku, Karatasi ya Manila na Dakika Tano za Mtoto

Kwa Walimu Wakuu wa Shule za Msingi, Maofisa Elimu Kata, Wathibiti Ubora wa Shule na Wajumbe wa Kamati za Shule,
Mkoa wa Morogoro.

YAH: OMBI LA KUWAPA WATOTO NAFASI YA KUCHUNGUZA WANYAMA NA KUZUNGUMZA MBELE ZA WATU

Waheshimiwa viongozi wangu na walimu wenzangu,

 

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ninaandika hadharani kwa sababu maombi niliyoyapeleka kwa njia ya kawaida hayakutekelezwa, na kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, karatasi ya manila mapajani, akisubiri kuitwa, asiitwe.

Mwaka jana nilikuwa na Darasa la Nne lenye watoto 92. Alikuwemo binti ambaye tangu Januari hadi Mei sikuisikia sauti yake isipokuwa wakati wa kuita majina. Nikimuuliza swali alisimama, akatazama vidole vya miguu yake, akasubiri mpaka nichoke. Mwezi wa saba niliwaambia watoto kila mmoja achague mnyama, amchunguze kwa wiki tatu, kisha aje atueleze kwa dakika tano. Yeye alichagua panya buku, kwa kuwa bibi yake alikuwa akilalamika kila uchao kwamba panya buku wanammalizia mahindi.

Alikuja na mambo ambayo mimi mwalimu wake sikuyajua. Alisema panya buku ana vifuko ndani ya mashavu, na humo ndimo anamobebea punje mpaka shimoni. Mjomba wake alipolichimba shimo moja walikuta mahindi, kokwa za maembe na kifuniko cha kalamu. Macho ya panya buku ni dhaifu, pua yake ni kali. Kisha akatuambia kwamba hapa hapa mjini kwetu, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya hao kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu, na panya akipatia hupewa ndizi. Alimtaja Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu 71 ya kutegwa ardhini kabla ya kustaafishwa, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama.

Kijana mmoja wa viti vya nyuma akauliza: mbona bomu halimlipukii? Binti akanyamaza. Nikasema moyoni, basi, amerudi kulekule. Kumbe alikuwa anafikiri. "Kwa sababu ana kilo moja na kidogo," akajibu. "Bomu linasubiri mtu mzito." Darasa likapiga makofi bila mimi kuwaambia.

Niliomba nusu saa katika siku ya wazazi ili watoto wanne, yeye akiwa mmojawapo, wazungumze. Nilikubaliwa kwa mdomo. Siku ilipofika ratiba ilikuwa na risala, ngonjera, kwaya, hotuba ya mgeni rasmi na harambee ya matundu ya vyoo. Bibi wa yule binti alikuwa amekuja kwa miguu, amejifunga kanga mpya. Nilipouliza kwa nini watoto wangu wameachwa, kiongozi mmoja aliniambia: "Mwalimu, wageni hawakuja kusikiliza habari za panya." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

1. Ukimya wa watoto wetu tumeufundisha sisi.

Pita nje ya dirisha la darasa lolote usikilize. "Mmeelewa?" "Tumeelewaaa!" Sauti tisini kwa pamoja, na ndani yake hakuna hata moja. Mtoto anayeinua mkono akakosea huchekwa na wenzake, na mara nyingine fimbo hufuata. Baada ya miaka minne ya namna hiyo tunashangaa kwamba watoto hawajiamini. Na mimi nimo. Kwa miaka yangu ya mwanzo kazini nilidhani darasa tulivu ni darasa zuri, na kuna watu wazima leo ambao niliwazima sauti nikiwa na nia njema kabisa.

Najua kuna wazazi wanaosema mtoto mwenye adabu hazungumzi mbele ya wakubwa. Nawaheshimu, maana nililelewa hivyo hivyo. Lakini mila zetu zenyewe zilikuwa na mahali pa mtoto kusema: alitegewa kitendawili na bibi jioni, akajibu, akikosa akatoa mji, akategewa tena. Alikosea mbele za watu kila usiku na hakuna aliyemdharau kwa hilo.

Ngonjera na maigizo ya siku ya wazazi nayapenda. Ila katika ngonjera mtoto hubeba maneno niliyomwandikia mimi. Akisahau mstari mmoja anasimama akitetemeka, kwa kuwa hana kingine cha kusema. Yule binti wa panya buku asingeweza kusahau mistari, kwa sababu hakuwa na mistari. Alikuwa na shimo aliloliona kwa macho yake.

2. Mnyama ni somo ambalo mtoto maskini halijii mikono mitupu.

Nimeulizwa: kwa nini wanyama, kwa nini isiwe historia au habari za sayari? Sababu yangu ya kwanza ni ya haki. Mpe mtoto kazi ya kutafuta habari vitabuni, na yule mwenye simu ya mzazi na kabati la vitabu nyumbani ameshashinda kabla mwenzake hajaanza. Mpe kazi ya kumchunguza kuku, mbuzi, mchwa, kenge au mjusi wa ukutani, na yule anayelala ukuta mmoja na mbuzi ndiye tajiri. Mvulana aliyezungumza vizuri kuliko wote darasani kwangu ni mchunga mbuzi wa kila Jumamosi, ambaye katika mtihani wa Hisabati alikuwa wa 81. Alitueleza anavyomtambua mbuzi mgonjwa kwa masikio na kwa namna anavyojitenga na wenzake. Aliulizwa maswali saba, akajibu sita, na la saba akasema: "Hilo sijui, nitamuuliza baba." Jibu la saba lilinifurahisha kuliko yote sita. Mtoto anayeweza kusema "sijui" mbele ya watu 91 bila kuinamisha kichwa amefika mbali.

Sababu ya pili ndiyo kiini cha barua hii. Tumezoea kuwaambia watoto, "Jiamini! Paza sauti!" Maneno hayo hayajawahi kumsaidia mtoto hata mmoja niliyemfundisha. Kinachomsaidia ni kujua jambo ambalo wanaomsikiliza hawalijui na wangependa kulijua. Hapo sauti hutoka yenyewe, na mnyama humpa nafasi hiyo kwa urahisi, kwa sababu hakuna mtoto asiyetaka kusikia habari za mnyama.

Jane Goodall, aliyefika Gombe kule Kigoma mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, alikuwa akisimulia jambo la utotoni mwake Uingereza. Akiwa na miaka minne hivi alijificha ndani ya banda la kuku kwa saa nyingi ili aone yai linatokea wapi. Nyumbani walimtafuta kwa hofu. Aliporudi, nguo zimejaa nyasi, mama yake hakumkaripia. Aliketi akamsikiliza habari ya yai mpaka mwisho. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuuonyesha ulimwengu kwamba sokwe hutengeneza zana: huchukua kijiti, hukipukuchua majani, hukichomeka kwenye kichuguu na kuvulia mchwa. Na mwaka 1991, nyumbani kwake Dar es Salaam, aliketi na wanafunzi 12 wa sekondari waliokuwa na maswali juu ya wanyama na mazingira yao. Kikao hicho kikazaa mpango wa vijana wa Roots & Shoots, ambao sasa umeenea nchi nyingi. Ninachokiomba, basi, hakijatoka mbali.

3. Kuchunguza ni kazi yenye utaratibu.

Wapo wanaodhani nawaleta watoto mbele waje kuchekesha. Hapana. Kila mtoto ana daftari lenye safu tatu: nimeona, nimeambiwa, nimesoma. Anamtazama mnyama wake siku saba, wakati uleule kila siku, hata kama ni kuku anayeparua jalalani. Anawahoji wazee wawili. Anatafuta angalau ukurasa mmoja wa kitabu, na hapo mimi humsaidia kwa sababu vitabu ni vichache. Kisha anaangalia safu zake tatu zinapogombana.

Mwaka juzi mvulana mmoja alichagua bundi. Safu ya "nimeambiwa" ilijaa: bundi ni wa wachawi, akilia juu ya paa mtu atakufa, ukimtazama usiku utaugua. Nilimwacha aandike yote, sikumkatalia hata moja. Kisha akapata habari kwamba bundi mmoja hulala kwenye dari la ghala bovu jirani na kwao. Alikwenda mchana na kaka yake, wakaokota chini vidonge vyeusi vya manyoya. Tulivifumua kwa vijiti juu ya gazeti, nje ya darasa, watoto wote wamezunguka. Ndani yake mlikuwa na mifupa. Bundi humeza panya mzima, kisha hutema asichoweza kukisaga. Tulihesabu mafuvu 11 ya panya katika vidonge vitano. Mama mmoja anayeuza mahindi sokoni alipopata habari hiyo kwa mwanawe aliniambia hamrushii bundi mawe tena.

Hivyo ndivyo sayansi inavyoanza hata kwa wakubwa. Mwaka 2005 wanasayansi waliutangazia ulimwengu kipunji, tumbili wa Mlima Rungwe na misitu ya Udzungwa, kuwa spishi mpya. Kwa wawindaji wa Kinyakyusa hakuwa mpya hata kidogo. Walikuwa na jina lake, na watafiti waliokwenda Rungwe walimfikia kwa kuyafuatilia masimulizi yao. Msomi aliketi akamsikiliza mtu asiye na cheti. Mtoto anayemhoji babu yake juu ya kakakuona anafanya kazi ileile.

Mara nyingine uchunguzi huo hufungua mjadala mzito kuliko umri wao. Wasichana wawili walituletea habari za chura wa Kihansi, kiumbe mdogo wa mkoa wetu anayezaa vichura hai badala ya kutaga mayai, na aliyeishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilipoyachukua maji ya Mto Kihansi, manyunyu yakapungua. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao, penye mabomba ya kunyunyiza maji. Darasa likagawanyika: taa au chura? Watoto wa miaka kumi walibishana dakika 40 kwa hoja, bila matusi, na kengele ya mapumziko ilipolia hakuna aliyetoka.

Nina masharti ya usalama, na naomba yeyote atakayefanya kazi hii ayashike. Popo, nyoka, mbwa wasiojulikana na mnyama yeyote aliyekufa hawaguswi kwa mkono. Kichaa cha mbwa kinaua. Hakuna kukamata, kufunga kamba wala kuvunja kiota. Mtoto ana macho, masikio na kalamu, vinamtosha.

4. Kusimama mbele za watu hufundishwa kwa ngazi.

Siku ya kwanza mtoto anamweleza mwenzake wa dawati moja. Wiki inayofuata anawaeleza watu sita chini ya mwembe, wameketi wote, naye ameketi. Baadaye ndipo anaposimama mbele ya darasa, na mstarini ni mwisho kabisa, kwa anayetaka. Simlazimishi mtu. Mvulana mwenye kigugumizi alizungumzia kinyonga akiwa na picha kubwa aliyoichora mwenyewe. Neno likikwama aligusa picha kwa fimbo, nasi tukasubiri. Alitumia dakika 12. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kutocheka nako tulikuwa tumekufundisha kwa wiki nzima.

Kuhusu wingi wa watoto, hesabu ni hii: watoto 92, wawili kwa siku, dakika tano kila mmoja, ni siku 46. Hazifiki nusu ya siku za masomo za mwaka.

5. Hofu ya mtihani.

Nimeambiwa: "Mwalimu, upimaji wa Darasa la Nne unakuja, hayo ya wanyama yatawapotezea muda." Naielewa hofu hiyo, kwa sababu matokeo yakibandikwa ukutani jina linalosemwa vibaya ni la mwalimu mkuu. Lakini hebu tazameni mtoto anafanya nini hapo: anasoma, anaandika, anahesabu siku na mayai, anapanga hoja, anazungumza Kiswahili sanifu kwa dakika tano mfululizo. Mitaala yetu yenyewe inadai umahiri. Umahiri wa kuzungumza utaupimaje kwa mtoto ambaye hajawahi kuachwa azungumze?

Na mbele yao kuna mlima mwingine. Hawa wa shule za serikali wanaosoma kwa Kiswahili wataingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani, watoto wenye akili, wakinyamaza miaka minne ya sekondari na kumaliza kimya. Aliyewahi kusimama katika lugha yake, akaulizwa, akajibu, ana kitu cha kushikilia lugha inapobadilika. Ambaye hakuwahi, ugeni wa lugha humkuta na woga wake wa zamani, vikamwelemea pamoja. Ndiyo maana naomba kazi hii ifanyike kwa Kiswahili, na mtoto akimtaja mnyama kwa Kiluguru au Kipogoro, jina hilo liandikwe ubaoni, lisifutwe.

6. Kuna jambo zito zaidi, nalisema kwa ufupi.

Mtoto aliyezoea kwamba wakubwa humsikiliza anapoeleza alichokiona, ataweza pia kueleza anachofanyiwa. Katika kazi hii nimewahi kugundua mtoto aliyekuwa akiumizwa nyumbani, na niligundua nikiwa nimechelewa sana, kwa sababu hakuwahi kusema na sisi hatukuwahi kumzoesha kusema. Sitaki kuchelewa tena.

7. Ninachoomba.

Kwa walimu wakuu: dakika kumi kila siku kwa madarasa ya tatu hadi ya sita, ziandikwe kwenye ratiba ya ukutani zisiliwe na majaribio, na kila Ijumaa mtoto mmoja azungumze mstarini. Fimbo isiingie katika dakika hizo kwa sababu yoyote.

Kwa wathibiti ubora: mnapokuja mnakagua azimio la kazi na andalio la somo, nayo ni kazi yenu na ni ya haki. Naomba muongeze jambo moja. Mchagueni mtoto yeyote, ombeni daftari lake la safu tatu, mketi mumsikilize kwa dakika tano. Mtajua habari za shule hiyo kuliko faili zitakavyowaambia.

Kwa maofisa elimu kata: mtukutanishe walimu wa shule jirani mara moja kwa muhula, watoto watano kutoka kila shule, chini ya mti wowote. Hatuombi basi la kwenda Mikumi. Wengi wa wanafunzi wangu wameiona Mikumi kupitia dirisha la basi tu, barabara kuu inapokatiza hifadhini, na siku wakipelekwa itakuwa siku kubwa. Lakini tusiwacheleweshe kwa kusubiri fedha za safari, wakati siafu wanapita mlangoni. Kama ofisi zenu zinaweza kuwaandikia wataalamu wa Sokoine na wa hifadhi waje kusikiliza, waje. Nasisitiza waje kusikiliza, wakae kwenye madawati, waulize maswali kama wasikilizaji wengine.

Kwa wajumbe wa kamati za shule, ambao ni wazazi kama mimi: matundu ya vyoo tunayahitaji, nami nilichangia. Nusu saa haitayazuia. Wazazi waliokuja siku ile walikuwa na haki ya kusikia watoto wao wanajua nini.

Yule binti sasa yuko Darasa la Tano. Karatasi yake ya manila ninayo kabatini, pembe moja imekunjika kwa kushikwa siku ile, na picha ya panya buku aliyebeba punje mashavuni bado inaonekana vizuri. Mwezi uliopita aliniuliza kama mwaka huu wataitwa. Nilimwambia nitaandika barua. Naomba jina lake na majina ya wenzake watatu yawekwe kwenye ratiba ya siku ya wazazi, kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, saa ambayo bibi yake hajachoka kukaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro.